Bahari Yenye Hali Zaidi ya Moja: Historia ya Vielelezo vya Zama za Barafu

Katika kurasa kama hizi msomaji amezoea kukuta historia ya maneno, ya tenzi, ya miji ya pwani au ya misafara iliyoifikisha lugha yetu hadi ukingo wa Lualaba. Makala haya yanashughulikia historia ya aina nyingine, yaani historia ya wazo moja la kisayansi: kwamba bahari inaweza kuacha mwenendo wake na kushika mwingine kwa ghafla, na kuibadilisha tabia ya nchi zilizo mbali nayo. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wazo hilo limejengwa juu ya sitiari na vielelezo, navyo ni vitu ambavyo mwanaisimu hana budi kuvichungua. Pili, matokeo yake yanagusa mvua ya bara letu, pamoja na bonde la mto tunaoishi kando yake.

Neno moja lahitaji ufafanuzi kabla ya kuendelea. Kwa kielelezo tunakusudia mfumo wa milinganyo ya hesabu unaowakilisha bahari, hewa na barafu, ambao mtafiti huupa masharti fulani na kuutazama utakavyojiendesha. Si picha ya dunia, wala si utabiri. Ni jaribio linalofanyika penye hesabu kwa kuwa haliwezekani kufanyika penye dunia yenyewe. Barafu na theluji tumepokea, moja kutoka Kiajemi na nyingine kutoka Kiarabu, na zote mbili zatutosha.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1751 Henry Ellis, nahodha Mwingereza wa meli iliyokuwa katika biashara ya watumwa, aliteremsha chombo cha kuchotea maji katika Atlantiki, kwenye latitudo ya digrii 25 Kaskazini hivi. Juu maji yalikuwa na joto la karibu digrii 29. Kilindini, zaidi ya mita 1,000 chini, yalikuwa na karibu digrii 12 tu. Ellis alieleza katika barua yake kwamba maji hayo baridi yaliwafaa kwa kuogea na kupozea divai. Ni jambo la kutafakari kwamba habari ya kwanza ya baridi ya vilindi vya tropiki ilipatikana katika meli ya namna hiyo, nasi tunaitaja kwa sababu vitabu vingi vya sayansi huipitia haraka. Mwishoni mwa karne ya 18 Benjamin Thompson, maarufu kwa jina la Count Rumford, alitoa hoja ambayo mpaka leo haijapingwa: maji baridi yaliyo chini ya jua la tropiki hayawezi kuwa yametoka popote isipokuwa kwenye ncha za dunia. Basi kuna mkondo wa chini utokao kwenye ncha, na ikiwa uko, lazima uwepo mkondo wa juu wa kurudisha maji huko.

Mwaka 1906 mwanajiolojia Mmarekani Thomas Chamberlin aliuliza kama mzunguko huo uliwahi kugeuka katika enzi za kale, maji ya chumvi ya tropiki yakawa ndiyo yanayozama badala ya maji baridi ya kaskazini. Swali lilikuwa zuri, lakini halikuwa na chombo cha kulijibia.

Wakati huo wataalamu wa barafu walikuwa na shughuli nyingine. Tangu Louis Agassiz alipotangaza mwaka 1837, huko Neuchâtel, kwamba barafu iliwahi kufunika sehemu kubwa ya Ulaya, swali kuu lilikuwa chanzo chake. Milutin Milankovitch, Mserbia, alilijibu kwa hesabu za mzingo wa dunia kulizunguka jua, na mwaka 1976 Hays, Imbrie na Shackleton walizikuta katika tope la bahari zile nyakati za miaka 23,000, 41,000 na 100,000 ambazo hesabu hizo zilidai. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Hata hivyo ulikuwa na kivuli chake, kwani uliwazoesha wataalamu kufikiri kwamba tabia ya nchi hufuata kani zake polepole, kama mtumishi mtiifu. Jambo linalobadilika katika miaka 30 halikuwa na nafasi katika fikira hiyo.

Chombo kilichokosekana kwa Chamberlin kilitengenezwa mwaka 1961 na Henry Stommel, Mmarekani ambaye hakuwa na shahada ya udaktari na ambaye wengi humhesabu kuwa mwanabahari mkubwa wa karne yake. Kielelezo chake ni chepesi kiasi kwamba mtu anaweza kukichora ubaoni. Kuna masanduku mawili ya maji: moja ni tropiki, maji yake ni ya moto na yenye chumvi nyingi, la pili ni kaskazini, maji yake ni baridi na yenye chumvi chache. Yameunganishwa kwa bomba chini na kwa mfereji juu. Maji hutiririka kwa kadiri ya tofauti ya uzito baina ya masanduku hayo.

Sasa, uzito wa maji ya bahari hutegemea mambo mawili yanayoshindana. Baridi huyaongezea uzito. Upungufu wa chumvi huyapunguzia. Kaskazini ni baridi, kwa hiyo maji yake yangezama. Lakini kaskazini pia hupokea mvua na mito mingi kuliko maji yanayopotea kwa mvuke, kwa hiyo maji yake yangebaki juu. Ni nani atakayeshinda? Jibu la Stommel ni kwamba inategemea bahari ilikuwa katika hali gani jana. Mkondo ukiwa na nguvu, huleta chumvi ya tropiki kaskazini kabla mvua haijaiyeyusha. Chumvi hiyo huyafanya maji ya kaskazini kuwa mazito, yakazama, na mkondo ukazidi kuwa na nguvu. Mkondo ukiwa dhaifu, maji yasiyo na chumvi hujikusanya kaskazini, hukaa juu kama kifuniko, na mkondo ukazidi kudhoofika. Kwa masharti yale yale ya jua na mvua, basi, pana hali mbili ambazo zote zaweza kudumu. Tena, kutoka moja kwenda nyingine hakuhitaji nguvu zilingane na badiliko lenyewe. Inatosha kuvuka mpaka. Na mtu akishavuka, kurudi nyuma hatua moja hakumrejeshi alikotoka, kwa maana njia ya kurudi si ile ya kwenda.

Stommel alimaliza kwa kudokeza kwamba jambo hilo huenda likawa na maana kwa historia ya tabia ya nchi. Kwa muda wa karibu miaka 20 watu wachache sana walilijali.

Ushahidi ulikuja kutoka barafuni. Mwaka 1966 jeshi la Marekani, ambalo lilikuwa limechimba kambi ndani ya barafu ya Greenland kwa jina la Camp Century, lilifikisha toboleo chini kabisa, karibu mita 1,390. Mdenmark Willi Dansgaard aliisoma safu hiyo ya barafu kwa kupima aina mbili za oksijeni, njia inayoonyesha joto la wakati theluji ilipoanguka. Alikuta mirukaruko mikubwa katika zama za barafu. Wengi walidhani ni kasoro za barafu iliyojikunja. Lakini mwaka 1981 toboleo la Dye 3, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pale, lilitoa mirukaruko ile ile. Kasoro haijirudii namna hiyo.

Mwaka 1984 Wallace Broecker wa New York alisikiliza hotuba ya Hans Oeschger mjini Bern juu ya barafu ya Dye 3, na akapata fikra kwamba Atlantiki ya kaskazini ilikuwa ikiwaka na kuzima. Historia ya sayansi ina kejeli zake: mirukaruko ya hewa ya ukaa aliyoionyesha Oeschger siku ile, na ndiyo iliyomchochea Broecker, baadaye ilionekana kuwa ilitokana na kemia ndani ya barafu yenyewe, wala haikuwamo katika barafu safi zaidi ya Antaktika. Mirukaruko ya joto ilikuwa ya kweli; ile ya hewa ya ukaa haikuwa. Makala ya Broecker na wenzake ya mwaka 1985 iliuliza waziwazi kama mfumo wa bahari na hewa una hali zaidi ya moja.

Mwaka 1987 Broecker aliupa mzunguko huo jina lililoenea duniani kote: mkanda wa kusafirishia. Wasomaji wa Likasi na Kolwezi hawahitaji maelezo, kwani wameona mikanda ikipandisha mawe ya shaba toka shimoni hadi kiwandani. Sitiari hiyo ina nguvu kwa sababu inabeba mambo matatu kwa pamoja: mzigo (joto), mwelekeo, na swichi ya kuzimia. Ila ndiyo iliyoleta matatizo pia. Mkanda wa kiwandani huendeshwa na injini moja, na hukatika mara moja kila mahali. Bahari si hivyo. Carl Wunsch alisisitiza mwaka 2002 kwamba bila upepo na mawimbi ya kujaa na kupwa, maji yaliyozama hayangepanda tena, na Susan Lozier alionyesha mwaka 2010 jinsi vipimo vilivyoivunja picha ya mkondo mmoja usio na matawi. Kwa maoni yetu, sitiari ya mkanda imefanya kazi ya kuamsha akili, kisha ikakaa muda mrefu mno. Masanduku ya Stommel, ambayo hayana mvuto kwa gazeti, yalikuwa kweli zaidi.

Kuhusu ukubwa wake, vifaa vilivyopangwa tangu 2004 kukata Atlantiki kwenye digrii 26.5 Kaskazini vimepima wastani wa karibu mita za ujazo milioni 17 kwa sekunde. Mto Kongo humwaga baharini kama 41,000. Mkondo huo ni sawa na mito yetu zaidi ya 400.

Je, vielelezo vikubwa vya kompyuta vilikubaliana na masanduku mawili? Mwaka 1986 Frank Bryan aliweka bahari katika hesabu na kuona mzunguko ukiporomoka alipobadilisha chumvi ya latitudo za juu. Mwaka 1988 Syukuro Manabe, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ronald Stouffer, waliunganisha bahari na hewa, wakapata hali mbili zinazodumu: moja yenye mzunguko, nyingine isiyo nao. Lakini msomaji makini atakuta jambo ndani ya makala yao. Kielelezo kikiachwa peke yake hakikupata chumvi sahihi ya Atlantiki, kwa hiyo waliongeza sahihisho la kudumu juu ya uso wa bahari ili matokeo yafanane na vipimo. Hawakulificha. Hata hivyo kuanzia hapo swali liliwekwa mezani na halijaondoka: kielelezo kinapoonyesha bahari ikigeuka, ni bahari inayosema au ni mkono wa aliyekitengeneza?

Miaka ya 1990 ilileta ushahidi kwa wingi. Matoboleo mawili juu kabisa ya Greenland, moja la Wazungu wa Ulaya lililomalizika 1992 (mita 3,029) na jingine la Wamarekani lililomalizika 1993 (mita 3,053), yalilingana karibu tabaka kwa tabaka. Yalionyesha joto la ghafla kama mara 25 katika zama za mwisho za barafu, ambapo Greenland ilipata nyuzi 8 hadi 16 katika makumi machache tu ya miaka, kisha ikapoa taratibu. Matukio hayo yamepewa majina ya Dansgaard na Oeschger. Mwisho wa kipindi cha baridi kiitwacho Dryas ya Mwisho, miaka 11,700 iliyopita, kiasi cha theluji ya mwaka kiliongezeka maradufu katika miaka michache. Mtoto aliyezaliwa katika nchi moja angekulia katika nchi nyingine bila kuhama.

Wakati huohuo, chini ya bahari, Mjerumani Hartmut Heinrich alikuwa ametangaza mwaka 1988 matabaka ya mawe madogo katika tope la Atlantiki ya mashariki, mahali ambapo mto wala mkondo haungeweza kuyafikisha. Mwaka 1992 Gerard Bond na wenzake waliyafuatilia hadi Kanada, upande wa ghuba ya Hudson: majeshi ya milima ya barafu yalikuwa yamekatika huko, yakaelea mashariki yakiyeyuka na kuangusha mawe njiani. Milima hiyo ilimwaga maji yasiyo na chumvi palepale ambapo Stommel angeyaogopa. Na mwaka 2004 McManus na wenzake, kwa kupima elementi adimu katika tope karibu na Bermuda, walionyesha kwamba kama miaka 17,500 iliyopita mzunguko wa Atlantiki ulikaribia kusimama kabisa.

Kwa vielelezo, mtihani ulikuwa kurudisha dunia ya miaka 21,000 iliyopita: bahari iliyoshuka kwa mita 120 au zaidi, hewa ya ukaa karibu sehemu 190 kwa milioni, barafu nene juu ya Kanada na Skandinavia. Andrey Ganopolski na Stefan Rahmstorf, wakitumia mwaka 2001 kielelezo chepesi kuliko vile vya Princeton, walitoa jibu lililobadilisha mjadala. Katika zama za barafu, walisema, tofauti kuu si kati ya kuwaka na kuzima. Maji yanaweza kuzama kusini ya Iceland, na Greenland ikawa baridi. Au yanaweza kupenya na kuzama kaskazini zaidi, na Greenland ikapata joto la ghafla. Kuzimika kabisa ni hali ya tatu, ile ya milima ya Heinrich. Kwa hiyo hali zilikuwa tatu, na tabia ya nchi ya zama za barafu ilikuwa nyepesi kuyumba kuliko yetu.

Mwaka 2009 Zhengyu Liu na wenzake walichapisha jaribio lililokuwa ndoto ya wengi: kielelezo kamili kilichoendeshwa mfululizo kutoka zama za barafu kuelekea nyakati zetu. Kilifuata vizuri rekodi ya Greenland. Tatizo ni kwamba kiasi, mahali na wakati wa maji ya barafu kumiminwa viliamuliwa na watafiti, wakavirekebisha hadi matokeo yakalingana na rekodi. Miaka kama 14,600 iliyopita usawa wa bahari ulipanda kwa kasi kubwa kutokana na barafu iliyoyeyuka, lakini ili kupata joto la wakati ule kielelezo kililazimika kunyimwa maji kaskazini. Hatusemi kwamba kazi hiyo haina thamani. Tutaona hapa chini kwamba inayo. Ila mwanaisimu anayetunga kanuni kisha akachagua data zinazoikubali anajua ugonjwa huu kwa jina. Paul Valdes aliandika mwaka 2011 kwamba vielelezo vikubwa pengine vimejengwa kwa uthabiti uliopita kiasi: havigeuki vyenyewe, husukumwa kwa nguvu ndipo vigeuke. Jibu la sehemu lilikuja mwaka 2014, pale Richard Peltier na Guido Vettoretti walipopata kielelezo kikubwa ambacho, kikiwekewa masharti ya zama za barafu, kilirukaruka chenyewe bila kumiminiwa maji kila mara.

Hapo ndipo historia hii inaacha kuwa ya kale. Ikiwa vielelezo ni thabiti mno, basi tunavyoviuliza juu ya karne hii, huku barafu ya Greenland ikiyeyuka, vitatutuliza kuliko inavyostahili. Jopo la kimataifa la tabia ya nchi liliandika mwaka 2021 kwamba mzunguko wa Atlantiki utadhoofika katika karne hii, lakini halikutarajia, kwa imani ya wastani, kwamba utaporomoka ghafla kabla ya 2100. Mwaka 2024 van Westen, Kliphuis na Dijkstra wa Utrecht walionyesha poromoko kamili katika kielelezo cha daraja la juu, ila walihitaji kumimina maji kidogokidogo kwa zaidi ya miaka 1,700 ya hesabu. Mwaka 2025 Baker na wenzake walivisukuma vielelezo 34 kwa nguvu nyingi na kukuta kwamba pepo za Bahari ya Kusini hudumisha mkondo dhaifu hata hapo. Kwa jicho letu matokeo haya hayapingani kama magazeti yalivyodai: moja linauliza kama mpaka upo, jingine linauliza nini hubaki upande wa pili.

Na Afrika? Mkondo wa Atlantiki ukidhoofika, joto ambalo lingevuka ikweta kwenda kaskazini hubaki kusini, na ukanda wa mvua husogea kulifuata. Wakati wa tukio la kwanza la Heinrich, kama miaka 17,000 hadi 16,000 iliyopita, ukame mkali ulifika sehemu kubwa ya Afrika ya tropiki. Ziwa Viktoria lilikauka; mahali wavuvi wa leo hutupa nyavu palikuwa na majani na udongo mkavu. Ziwa Tanganyika halikukauka, kwa sababu ya kina chake, lakini tope lake linahifadhi ukavu ule ule. Mwaka 2014 Bette Otto-Bliesner na wenzake walilirudia jaribio la Liu wakiuliza juu ya Afrika, wakakuta kwamba mvua za kaskazini ya ikweta na za kusini-mashariki yake zilirejea karibu wakati mmoja, miaka 14,700 iliyopita, kwa sababu mbili zilizoungana: mzunguko wa bahari kupata nguvu tena, na hewa ya ukaa kuongezeka. Hiyo ndiyo thamani tuliyoitaja.

Kuhusu bonde letu wenyewe, shahidi mkuu amelala baharini, mbele ya mdomo wa mto. Mto Kongo hubeba mabaki ya nta za majani na chembe za udongo kutoka bonde zima na kuyatandaza chini ya Atlantiki, tabaka juu ya tabaka. Kwa kupima hidrojeni ya nta hizo, Enno Schefuß na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba mvua ya Afrika ya Kati katika miaka 20,000 iliyopita ilifuata joto la Atlantiki ya kusini, na kwamba ilipungua katika vipindi vile vile ambavyo mzunguko wa kaskazini ulidhoofika. Mwaka 2007 Johan Weijers na wenzake walisoma joto katika tope hilo hilo: nyuzi 21 hivi katika zama za barafu, 25 katika nyakati zetu. Vielelezo vya leo hutofautiana sana juu ya mvua ya bonde hili, na vituo vya kupimia mvua vilivyo hai ndani yake ni vichache mno kwa kuviamulia. Safu ya tope waliyoisoma Schefuß na Weijers ina namba GeoB 6518-1. Herufi za mwanzo ni alama ya Chuo Kikuu cha Bremen, Ujerumani.